Pasiwe na Mawingu Hadi Juni

Los Baños, 4 Februari 2019

Mpendwa Tiya Oryang,

Nauchukua mkono wako na kuugusisha kwenye paji langu la uso kwa heshima, ingawa kati yetu kuna ukuta wa monasteri na safari ya basi ya saa tisa. Hujambo? Magoti yanasemaje? Mama, mdogo wako, hajambo, anacheza dansi na wajane wenzake kila Jumamosi uwanjani kwetu Majayjay na amenunua viatu vyekundu, usimwambie Mama Mkuu wenu. Mume wangu Dindo yuko baharini bado. Alipiga simu kutoka bandari fulani ya baridi kulalamika kwamba mpishi wa meli hajui wali ni nini.

Binamu Nonoy atapita kwenu na lori lake la mboga. Nimempa mayai kumi na mawili ya kumtolea Mtakatifu Klara, na kikaratasi chenye ombi langu: pasiwe na mawingu hadi Juni.

Nieleze. Ndani ya damu ya kila mtu kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuzilinda chembe nyekundu zisipasuke. Mimi nakitengeneza hapa maabara. Sikitoi kwa watu, usiogope. Tunachukua jeni yake tunaiingiza ndani ya bakteria, nao wanakipika bila kujua wanampikia nani. Kisha tunawapasua, tunachuja, na kinachobaki tunakitia kwenye vichupa vya watafiti. Juu ya kichupa tunaandika: cha binadamu. Kinatakiwa kiwe kiangavu kama maji ya chemchemi. Changu kinatoka na mawingu, na mawingu maana yake kimejikunja, kimekufa. Mkuu wangu, Daktari Quiambao, amesema mwisho ni Juni. Kikikataa, jokofu letu watapewa watu wanaotafiti nzi wa maembe.

La pili silo la mayai. Tulipima damu zetu wenyewe ili tupate mfano wa damu nzima, na yangu ikaonekana ina nusu ya nguvu. Kimeng'enya cha upande wa mama yangu kina kasoro, Tiya. Wanawake tunaibeba tu, wavulana ndio inaowaumiza. Nikamkumbuka mdogo wenu Mandoy aliyekufa mchanga. Mama anasema ni usog, kijicho cha kumsifia mtoto bila kumpaka mate, kwamba Bi Sepa jirani alimsifia mlangoni mwa kanisa na hakumpaka mate tumboni, na mpaka leo akimwona Bi Sepa huvuka barabara kumkwepa. Mama alikuwa na miaka minne, anajua nini? Wewe ulikuwa na kumi. Mashine zangu zinaweza kuniambia kimeng'enya chetu ni dhaifu kiasi gani. Haziwezi kuniambia kilimfanya nini mtoto wa kwetu. Alikufaje?

Binti yako,
Tonet


Bicol, 28 Februari 2019

Tonet mwanangu,

Mungu akurehemu. Magoti yanasema yamechoka kupigwa, lakini bado yananitii. Mwambie mama yako nampa pole kwa viatu.

Mayai yamefika kumi na moja. Nonoy anaapa yalikuwa kumi na moja tangu mwanzo, na ndevu zake zilikuwa na kiini. Mama Mkuu alikichukua kikaratasi chako na kukibandika kwenye ubao wa kwaya, kwa hiyo sasa masista kumi na tisa wanakuombea asubuhi na jioni. Hujawahi kuombewa hivi tangu uanze kutambaa.

Barua yako niliisoma wakati wa mapumziko na ikazua mjadala. Sista Anunsiata, ambaye ana miaka tisini na moja na hasikii ila anachotaka, ameuliza: ikiwa hao bakteria wana kitu cha binadamu ndani yao, je, wasibatizwe? Sista wa jikoni akasema wabatizwe wa nini na wewe unawapasua. Ikabidi Mama Mkuu apige kengele. Tafadhali nijibu hilo, maana Sista Anunsiata halali.

Kuku wetu wanataga vizuri. Yule jogoo mwenye kilemba amempanda sista mdogo mgongoni. Wanovisi wawili wameingia kujaribu utawa, mmoja anaimba vizuri na mwingine anadhani anaimba vizuri.

Tarehe sita ni Jumatano ya Majivu, na tangu hapo hadi Pasaka hatuandiki barua wala hatupokei. Ukiandika, Mama Mkuu ataziweka kwenye droo. Basi tusalimiane baada ya Ufufuko.

Mambo ya zamani nayo yana umri wake. Kula vizuri.

Tiya wako,
Sista Maria Gregoria


Los Baños, 25 Machi 2019

Mpendwa Tiya Oryang,

Najua barua hii inaingia droo. Naandika hata hivyo, kuzungumza na droo kuna nafuu kuliko kuzungumza na Daktari Quiambao.

Mwambie Sista Anunsiata alale. Bakteria amepewa sentensi moja tu kutoka kwenye kitabu kizima cha binadamu. Kasuku akijua kusema Salamu Maria hatumpi komunyo.

Kimetoka na mawingu tena. Mara ya nne. Nimebadilisha chumvi, nimebadilisha chupa, nimebadilisha hata upande wa kusimama. Watu wa nzi wa maembe wamekuja kulipima jokofu kwa utepe mbele ya macho yangu, na mmoja akaniuliza kama taa ya ndani inawaka. Nje huku hakuna hata wingu la kupaka rangi. Hakujanyesha tangu ulipotuma barua. Bwawa limepungua, bomba linatoa maji saa mbili kwa siku, na mimi ninayehitaji maji safi naamka kukinga ndoo kama watu wote.

Uliruka swali langu, Tiya. Nimeliona lilivyorukwa, umepita juu yake kwa jogoo na wanovisi. Silidai kwa ukorofi. Nakuwekea hapa orodha ambayo hospitali huwapa akina mama wenye watoto wa kasoro hii, pengine itakukumbusha kitu: wasipewe maharagwe makubwa ya kizungu, wasipewe baadhi ya dawa za malaria na za kuhara, wasisogezwe karibu na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo kabatini. Mtoto huwa mzima kabisa hadi akutane na kimojawapo. Hapo damu hupasuka, ngozi huwa manjano na mkojo rangi ya kahawa. Mandoy alikula nini? Alipewa dawa gani?

Tonet


Bicol, 24 Aprili 2019

Tonet mwanangu,

Kristo amefufuka, na wakulima wa huku wanataka kutuzika sisi.

Sikiliza balaa. Barua yako ya Februari niliisoma mimi, na masista wakasikia habari za bakteria tu. Kwenye ubao palikuwa na kikaratasi: pasiwe na mawingu hadi Juni. Na wewe unajua watu wanatuletea mayai kwa ajili gani: harusi, mbio za baiskeli, picha za kuhitimu, mvua isinyeshe. Hivyo masista kumi na tisa wamefunga Kwaresima nzima wakiomba mbingu ziwe safi hadi Juni, na kwa imani, mwanangu, imani ya kuhamisha milima. Mpunga umekauka. Jumatatu ya Pasaka mzee mmoja aligonga kengele ya lango akauliza nani kaleta mayai. Mama Mkuu akaenda kukisoma kikaratasi upya, akaniita, nikamweleza kwamba mawingu ni ya kwenye kichupa. Alikigeuza kikaratasi mbele na nyuma. Kisha akasema, "Hakuandika kichupa."

Sasa tunaomba kinyume chake, na Sista Anunsiata anasema Mbinguni watatuona hatujui tunalolitaka. Dua la kuku halimpati mwewe, lakini la watu wenye mayai linafika mbali, ujue.

Mnovisi anayedhani anaimba ameondoka, akaolewa. Tumempigia makofi.

Nina swali dogo, la kutaka kujua tu. Hivyo vidonge vyeupe vya kabatini, lazima mtoto avile? Au harufu peke yake inatosha?

Tiya wako,
Sista Maria Gregoria


Los Baños, 6 Mei 2019

Mpendwa Tiya Oryang,

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Waombe radhi wakulima kwa niaba yangu, nitawatumia mayai ya kuombea mvua.

Na sasa nishangilieni: kimetoka kiangavu! Sikukifanyia muujiza. Nilipunguza joto. Nilikuwa nawaharakisha bakteria, na kinachopikwa kwa haraka hujikunja vibaya. Nikawaacha kwenye baridi usiku na mchana, wakapika polepole, nikatia na kitu kidogo kinachotokana na vitamini ambacho hukishikilia kimeng'enya kisilegee. Nilipoinua kichupa dirishani, nilisoma gazeti kupitia kwacho. Daktari Quiambao alilisoma pia, habari za michezo. Wale wa nzi wa maembe wamepewa kabati.

Nikafanya na la pili. Nimetengeneza kimeng'enya chetu, chenye ile herufi moja iliyokosewa ya ukoo wetu, nikakiweka kando ya kile kizima. Chetu hakijafa, Tiya. Ni kivivu tu, kinafanya robo ya kazi, na hiyo robo inamtosha mtu kuishi hadi uzee wake kama hakutani na kitu kibaya.

Swali lako: harufu inatosha, kwa mtoto mchanga. Nguo zikikaa na vidonge hivyo kwa miezi kisha akavishwa bila kuanikwa juani, hasa akiwa amepakwa mafuta, sumu hupita kwenye ngozi na kwenye pumzi. Kuanika siku moja au mbili hupunguza sana. Kwa nini umeuliza?

Na mimi nina langu nililolificha. Nina mimba, nitajifungua Agosti, na ni mvulana. Ana nafasi nusu kwa nusu ya kupata chetu. Sikukuambia kwa sababu sikutaka unijibu kwa huruma. Nilitaka ukweli wa mtafiti. Sasa nautaka wa mama. Naogopa, Tiya. Nambie Mandoy alikufaje, nijue namlinda mwanangu na nini.

Tonet


Bicol, 20 Juni 2019

Tonet mwanangu,

Mungu akurehemu wewe na huyo uliye naye. Mama yako alinipasha habari tangu Februari, nikakaa kimya nikingoja useme mwenyewe. Mficha uchi hazai, na wewe ulitaka kuzaa na kuficha vyote viwili. Mvua imeanza. Nimechelewa kukujibu, na safari hii si kwa sababu ya Kwaresima.

Najibu, kisha nitauliza, kwa hiyo soma taratibu. Ilikuwa Mei mwaka sitini na mbili. Gauni la ubatizo lilikuwa kwenye sanduku la bibi yako, mama yetu, gauni na kofia na blanketi tuliyobatiziwa sote, na vidonge vyeupe vikubwa kama mayai ya njiwa katikati ya kila kunjo. Siku ya Ijumaa mama alinituma nizianike nguo hizo siku mbili. Jua lilikuwepo. Watoto wenzangu walikuwa wanakwenda mtoni, na mimi nilikwenda nao, Ijumaa na Jumamosi. Jumapili alfajiri nikafungua sanduku, nikamkabidhi mama nguo, akaniuliza, nikasema nimeanika. Na nilikuwa naipenda ile harufu, Tonet. Nilidhani ndiyo harufu ya sherehe.

Mlangoni mwa kanisa Sepa alimtazama akasema, mzuri huyu. Wakamvuta mtoto ndani kabla hajampaka mate. Jumatano Mandoy alikuwa manjano. Mkojo wake ulikuwa kama ulivyoandika. Ijumaa hakuwepo. Mama alikwenda kusimama langoni kwa Sepa na kumwita mla watoto mbele ya mtaa mzima. Sepa alikuwa na miaka thelathini, anauza mikate ya mchele. Tangu siku hiyo hakuna aliyeinunua. Mimi nilikuwa nimeshika sketi ya mama, na nikanyamaza. Sikujua habari ya vidonge, lakini nilijua nimedanganya, na nilidhani Mungu amenichukulia Mandoy kwa ajili hiyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Langu lilibaki zima. La Sepa ndilo lililovunjika.

Watu huniuliza kwa nini niliingia utawani, nami hujibu napenda kimya. Kimya nilikuwa nacho tayari.

Niambie bila kunifunikia: angeishi?

Nimeweka humu barua ya pili, ya kumpelekea Sepa. Macho yake yanaona watu lakini hayaoni maandishi, Nonoy anasema. Nenda ukamsomee wewe. Usipunguze neno.

Oryang


Majayjay, 3 Julai 2019

Mpendwa Tiya Oryang,

Uliniomba nisikufunikie. Ndiyo, angeishi. Kwa kile nilichokipima, Mandoy angekuwa mzee leo, mwenye kitambi, akibishana na Mama kuhusu dansi. Nimeandika sentensi hiyo mara tano nikitafuta njia ya kuilainisha, na haipo. Lakini na hili nimelipima, usiliruke kwa jogoo: kasoro aliirithi kwa bibi, ambaye hakujua anayo, kama mimi nilivyoishi miaka ishirini na tisa bila kujua. Vidonge aliviweka bibi. Mwaka ule hapakuwa na mtu Majayjay, daktari wala padri, ambaye angeweza kuwaambia. Wewe ulikuwa mtoto aliyekwenda kuogelea. Ulidanganya, sawa. Watoto wote hudanganya, na ndugu zao huamka asubuhi. Nakupenda, na nimelia, na sina hasira nawe hata chembe.

Kwa Bi Sepa nilikwenda na tumbo langu mbele. Mama alikataa kuja, akasimama upande wa pili wa barabara na viatu vyake vyekundu. Bi Sepa ana miaka themanini na saba, amenyooka kuliko mimi. Alikuwa anawapa nguruwe chakula. Nilimsomea yote. Akaniambia nirudie pale pa sikuanika. Nikarudia. Akamalizia kuwapa nguruwe, akaosha ndoo, akaifunika.

Ndipo akasema, "Tangu siku ile sijamsifia mtoto. Wajukuu wangu ni saba. Wakizaliwa nageuza uso."

Nikamuuliza nikuambie nini.

"Mwambie Oryang nimesikia."

Nilipotoka, Mama alitaka kujua yule mchawi amesema nini. Nilimkalisha palepale kwenye ngazi ya duka nikamweleza yote.

Tonet


Bicol, 22 Julai 2019

Tonet mwanangu,

Nimepokea. Nilimwomba Mama Mkuu ruhusa ya kulia bustanini nisisumbue kwaya, akanipa, na akaniletea stuli.

"Nimesikia" inanitosha. Sikustahili hata hiyo. Mama yako ameniandikia kurasa sita, ambazo tano ni za kunikaripia. Sijawahi kufurahi hivyo kukaripiwa. Jifungue salama. Tunakuombea, na safari hii nimekiandika kikaratasi mwenyewe, kwa urefu, pasiwe na wa kukosea.

Oryang


Majayjay, 9 Septemba 2019

Mpendwa Tiya Oryang,

Wa kwetu amefika, tarehe kumi na tisa Agosti, kilo tatu na nusu, sauti ya mpiga mnada. Tumemwita Amando, kwa ajili ya Mandoy. Dindo alishuka meli siku mbili baadaye na bado anamshika kama trei ya glasi. Vipimo vimerudi: anacho chetu, kile kivivu. Nilikaa nalo siku moja, nikatoka nalo. Nguo zake zote zinaanikwa. Mama anazianika mwenyewe na kukaa chini yake kuzilinda, hata mapadri hawapiti.

Sasa nikueleze la Bi Sepa. Wiki iliyopita nilimpeleka Amando kwake. Alipotuona njiani alirudi ndani. Nikaingia bila kukaribishwa, naye akasimama akiutazama ukuta, mgongo kwetu. Nikamwambia huyu ana damu ileile ya Mandoy, nimempima kwa mikono yangu, najua kila kinachoweza kumdhuru, na macho yako, Bi Sepa, hayamo. Kisha akageuka.

Alimtazama usoni, muda mrefu, akaweka mkono mdomoni. Halafu akasema, "Mzuri huyu."

Akalowesha kidole gumba, akakigusisha tumboni kwa mtoto.

Asubuhi yake jua halijapanda, alikuwa mlangoni kwetu akiuliza kama mtoto ameamka. Nikamwambia ameamka na ana njaa. Akaondoka. Kesho yake akaja tena na swali lilelile, na kesho kutwa, na Mama akawa anamwekea kahawa. Siku sita alikuja hivyo, anauliza mlangoni, anasikia, anarudi.

Leo ni siku ya saba, ambayo Mandoy hakuifikia. Amekuja, hakuuliza. Amenyoosha mikono, nikampa.

Tonet